Dume la Mzee Marwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, harufu ya uji wa wimbi unaoungua ilivuka uzio wa minyaa ikatufikia. Nilikuwa binti wa miaka tisa, hapa Nyarero, na nilijua kwamba jirani yetu Bibi Bhoke hakuwahi kuunguza uji. Nikaenda kuchungulia. Kwenye mafiga alichuchumaa mumewe, Mzee Marwa, mwanajeshi aliyerudi kutoka vita vya Uganda akiwa na jeraha la risasi nyongani, anakoroga huku moshi ukimtoa machozi. Nyuma yake mkewe alikuwa amelala juu ya ngozi, tumbo limejaa kama la mjamzito. Haikuwa mimba. Hawakujaliwa mtoto, na mzee alikataa katakata kuoa mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uonje. Jeshini nilipikia watu mia, leo mmoja ananishinda."

"Mmoja huyu ana mdomo," alisema Bibi Bhoke, akacheka huku ameshika tumbo.

Ulimi hauna mfupa. Kisimani nilisimulia yote, nikaigiza alivyochuchumaa, wanawake wakacheka hadi wakatua ndoo. Kwetu wakati ule mwanaume aliyetahiriwa hakukaa mafigani. Aliyekaa aliaibisha rika lake zima, na rika lilimtoza ng'ombe wa kuchinjwa na kuliwa siku hiyohiyo.

Wenzake wa rika walikuja Jumamosi. Msemaji wao alikuwa Wambura, aliyetahiriwa siku moja pamoja na Marwa. "Marwa, umeolewa lini? Mbona mahari hatukuiona?" Wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliwaeleza kwamba dume lake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye, lina mnunuzi Sirari, anakuja Jumatatu, na fedha hizo ni za kumpeleka mkewe kupasuliwa uvimbe. "Chukueni mbuzi wote," alisema. Wambura akamjibu, "Rika halili mbuzi."

Kwa miaka mingi nilimlaumu mzee kwa kutokataa. Baadaye nikaelewa hesabu yake. Aliyegoma alitengwa, na aliyetengwa hakupata mtu wa kumsaidia kubeba mgonjwa mpaka barabarani. Alitoa dume ili asikose mabega ya wenzake, akitumaini kupata fedha kwingine. Fedha hazikupatikana. Mabega aliyapata wiki tano baadaye, yakabeba jeneza.

Siku ya dume mimi nilipewa kipande cha ini. Nilikila, kilikuwa kitamu, na sijajisamehe.

Mzee Marwa hakuoa tena. Alijipikia uji kila asubuhi kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna aliyemtoza kitu, maana sheria ile ilijifia yenyewe, kimyakimya, bila mtu kuomba radhi. Siku hizi vijana wa hapa wanapika mchana kweupe na kujipiga picha mwiko mkononi.

Tulimzika mwezi uliopita. Wambura, sasa kikongwe wa mkongojo, alipewa kipaza sauti akamwita marehemu "mume wa mfano". Watu wakapiga makofi. Mikono yangu niliiacha mapajani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na aliyeipata adhabu hii alikuwa amelala ndani ya sanduku, hawezi kumjibu. Kisha ukapitishwa mchango wa kujengea kaburi kwa vigae, na kwa saa moja tu watu wa rika lile na watoto wao wakatoa shilingi milioni moja na laki sita.

Dume lile, kwa bei aliyokubaliana na mnunuzi wa Sirari, lilikuwa la shilingi elfu sita.