Uso wa Mjomba

Makalio ya mjomba wangu yamecheza filamu kumi na tisa. Uso wake, hata moja. Staa wetu wa vichekesho ana tangazo la sabuni na wakwe wacha Mungu, kwa hiyo suruali inapotakiwa kumvuka, yeye hukaa kando akanywa soda, na mjomba huingia kuvuliwa kwa niaba yake. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Mjomba akipita sokoni hakuna anayemjua, labda atembee kinyumenyume.

Bibi, mama yake, aliyajua yote hayo na hakuwahi kuyacheka. Madaktari walipokwishakata tamaa naye, alimwita kitandani.

"Mimi nilizaa mtoto mwenye uso," alimwambia. "Nataka niuone humo kwenye filamu kabla sijaenda."

Mjomba akamwendea direkta, fundi wa video za harusi aliyejipandisha cheo mwenyewe, akamwangukia. Akapewa sekunde arobaini: baba mgonjwa, amelala ubavu, anamuaga mwanawe. Akanyoa ndevu. Akakariri mbele ya kioo cha kabati mpaka mkewe akahamia sebuleni.

Waliokuwepo wanasema alilia machozi ya kweli, na mpaka wabeba taa wakainamisha vichwa. Ila mtu wa mavazi, kwa mazoea, alimpa gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Na mpiga picha, kwa mazoea hayo hayo, aliisimamisha kamera pale anapoisimamisha siku zote mjomba akiingia. Direkta alikuja kugundua wakati wa kuhariri. Akasema hiyo ni riziki, haikatwi. Akaongeza tarumbeta.

Sisi hatukuambiwa. Jumapili baada ya chakula tulimwegemeza Bibi kwa mito mbele ya televisheni. Tarumbeta ikalia. Sauti ya mjomba ikasema, "Mwanangu, usinisahau," na kioo kizima kikajaa kile ambacho watu wamekizoea. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, akauliza kama zamu ya mwanawe bado.

"Nimeshapita, mama," mjomba akasema. "Umeniona?"

Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Nimekuona. Umefanana na baba yako."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Alhamisi tukamzika. Direkta alikuja msibani, akampa mjomba pole, akamshika bega, akamwambia asiwe na haraka, apumzike mpaka Jumatatu.