Mpishi Asiyeonja

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, mpishi bora wa nyumba yetu nilikuwa mimi, na nalisema bila haya. Nilikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, nilipika isombe ya majani ya muhogo, nilisonga ugali wa muhogo mpaka kaka zangu wakaanza kulegeza mikanda. Wageni walimwambia mama amebahatika, maana binti wa siku hizi anayependa jiko ni wa kutafuta kwa tochi. Mimi nilipakua, nikatabasamu, nikasema nimeshakula jikoni. Hakuna aliyemshuku mpishi.

Njaa nilikuwa nayo, tena kali. Lakini nilichoogopa kuliko vyote ni kunenepa, na kila nilipoishinda njaa nilijiona shujaa. Mchana wa jua, watu wakiogelea, mimi nilivaa sweta mbili. Nywele zilibaki kwenye chanuo. Nyumbani walisema ni masomo, kisha malaria, kisha mapenzi, na kaka mkubwa akaanza kumtafuta huyo kijana ampige.

Aliyenikamata ni mama mdogo, mdogo wake mama. Aliishi Goma, akivuka mpaka kuja kwetu, pale Petite Barrière, na vitenge vyake vya kuuza, na sauti yake ilifika kwetu kabla yake. Siku moja alinifuata jikoni, akachota mchuzi wa samaki kwa mwiko, akanidondoshea kidogo kiganjani, kama wanawake wa kwetu wanavyoonjeshana.

"Onja, uniambie kama munyu inatosha."

Nikasema inatosha. Kisha nikajipangusa kiganja kwenye kitenge.

Akanyamaza. Mama mdogo, kunyamaza! Nilishikwa na hofu kuliko kama angenizaba kibao. Alizitazama sweta zangu, akatoka kwenda uani kwa mama.

"Dada, mutoto wako iko na njaa."

"Huyo? Si ni yeye anatupikia!"

"Bon, kupika anapika. Kula, hapana."

Mama alitaka kunipeleka kwa maombi. Mama mdogo alisema maombi sawa, lakini hospitali kwanza. Mshauri wa huko alitueleza kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si ukaidi wala majivuno, na kwamba watu hupona. Pia aliagiza nitoke jikoni kwanza, nile mezani na wenzangu.

Mama alishinda sokoni, kwa hiyo jiko likamwangukia baba, mzaliwa wa Tanzania, aliyejua kuchemsha chai tu. Ugali wake ulijaa mabonge. Maharage yake yaligonga sahani. Kaka zangu walitishia kukimbilia Goma kuomba hifadhi ya ukimbizi kwa mama mdogo, nami nikacheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka mezani muda mrefu.

Kucheka si kula, hata hivyo. Siku nyingine nililia, nikawatukana wote, wakaondoka mmoja mmoja. Baba hakuondoka. Alikaa na sahani yake iliyopoa, akisubiri, na hilo lilinikera mno. Siku moja nikataka kumfukuza kabisa.

"Baba, chakula chako ni kibaya."

"Najua," alisema. "Sipiki ili unisifu, mwanangu. Napika ili nisikuzike."

Nikamega bonge moja, nikatafuna, nikameza. Lilikuwa baya kweli, na nikamega jingine.