Nepi za Mama Mkwe

Nimejiaibisha, na sijui uso wangu nitauweka wapi.

Fundi wangu wa gari aliniambia nibadilishe paipu za hita. Nikamcheka: na joto hili la Busia, hita ya nini?

Wiki jana nilimtoa mama mkwe hospitalini Busia nikamrudisha kwake Adungosi, nimemkalisha mbele kwa sababu ya goti lake. Aliposhuka, zulia la miguuni lilikuwa limelowa, tena lina uvuguvugu. Maskini, nikawaza, mama ameshindwa kujizuia. Badala ya kunyamaza nikamwambia mke wangu, naye akawapigia dada zake wote.

Jana mimi, mkwe mwema, nikampelekea sukari, mkate na nepi za watu wazima. Gari likachemka papo hapo uani kwake. Fundi akaja na bodaboda, akafungua boneti, kisha akainua lile zulia.

“Boss, si nilikuambia? Paipu ya hita imepasuka hapa ndani. Maji ya injini inamwagikia abiria kwa miguu, na hii si ya leo.”

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wangu ameshaufungua. Akatembea polepole na goti lake hadi kwa fundi, akamkabidhi pakiti.

“Hizi nafikiri ni za gari,” alisema.