Bafta ya Duka Letu Imo Katika Bawa la Ndege

(Jina la aliyetuandikia tunalo sisi wenye ukurasa huu, na halitatoka kwetu. Mwenye neno la kumsaidia atuletee.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Changamwe, na huu ni mwaka wa kumi tangu niolewe. Mume wangu ana duka la nguo alilorithi kwa babake, na tangu vita vikuu viishe ana ndege. Najua mtacheka. Hata mimi nilicheka siku aliponiambia. Ni ndege kuukuu ya injini moja, yenye viti viwili tu, kimoja mbele na kimoja nyuma. Aliuziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na Mzungu huyo ndiye aliyemfundisha kuirusha.

Kuwa na ndege kuukuu ni kama kuwa na mgonjwa nyumbani. Leo inavuja mafuta, kesho gurudumu limekwama, keshokutwa injini inakohoa. Fundi aliyekuwa akimsaidia mume wangu alihamia Nairobi, kwa hiyo sasa anafanya mwenyewe, na kazi ya sindano ni yangu. Kwa msiozijua ndege za namna hii, bawa lake si chuma. Ni mbao nyembamba zilizovikwa kitambaa cha kitani, kisha kitambaa kinapakwa dawa yenye harufu kali, kinainywa na kukazika kama ngozi ya ngoma.

Mwaka huu kitani cha bawa la kushoto kilioza, na kingine hakikupatikana mjini. Mume wangu akaingia dukani kwake akatoka na jora la bafta, nguo nyeupe ya pamba. Nilimwambia tuifue kwanza. Mwanamke yeyote anayeshona anajua kwamba bafta mpya ina wanga. Ukiishika dukani ni ngumu, ukiifua inalegea na kurudi ikawa fupi. Alikasirika. Akaniambia yeye amezaliwa juu ya majora, nguo anaijua kwa kuishika, na bafta hiyo hiyo amewauzia mashekhe kwa kanzu zao. Basi nikashona. Akapaka dawa, bawa likang'aa, akaruka mara mbili karibu karibu na kurudi akicheka, nami nikajiona mwoga bure.

Kisha mvua zikaanza, na banda anamoiweka linavuja. Jumapili moja alinichukua nikamshonee ngozi ya kiti. Nilipopita chini ya lile bawa nikalibonyeza kwa kidole gumba, kwa mazoea tu ya fundi nguo. Dawa ilikuwa imekauka juu juu, wanga haukuiacha ipenye, na chini yake bafta ilikuwa tepetepe. Kidole kikazama chote. Nikamwita, akatazama, akakata kiraka, akakibandika na kukipaka dawa. Tulipofika nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Mzungu wa kiwanja, yule mkaguzi wa ndege, akijua, nitanyang'anywa cheti na ndege. Na akijua kwa kinywa chako, hesabu huna mume."

Sasa sikieni linalonitia hofu hasa. Binamu yake anaoa huko Malindi mwezi ujao, na mume wangu ameshatangaza mtaa mzima kwamba atampeleka mamake harusini kwa ndege. Watu wa Malindi wanangoja kumwona bibi akishuka kutoka mbinguni. Huyu mamake, mavyaa wangu, si mavyaa wa kusimuliwa vibaya. Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, yeye ndiye aliyenilisha kwa mkono wake mpaka nikaweza kushika kijiko. Nikaona heri nimwambie kuliko nimzike. Nikamweleza yote, kidole na kiraka. Nilidhani ataapa kwamba hapandi. Alikuwa akichagua mchele, na hakuacha.

"Mwanangu, mie nimesikia," akasema. "Lakini nikikataa, mumeo yuwaruka peke yake, kwani ameshawaambia watu. Nikiwa nyuma yake, ataruka kwa adabu."

Nikamwambia bawa halijui adabu. Akaniuliza kama kule juu kuna baridi, apate kubeba shali.

Tangu siku hiyo moyo wangu haukai. Nikisikia injini upande wa Kipevu, kwenye kiwanja, natoka nje kutazama angani. Nimewaza kwenda kwa Mzungu wa kiwanja, lakini wanaojua siri hii ni watatu tu, na mume wangu hatapata tabu kujua aliyesema. Nimewaza kumwendea kaka yake mkubwa, ila huyo ndiye anayejigamba kwa ndege kuliko hata mwenye ndege. Na sasa nimepata wazo jingine, ambalo linaniogopesha zaidi kwa sababu nalipenda. Kabla ya harusi atanichukua tena bandani nimalizie kiti. Mkasi wa kukatia nguo ninao. Nikilipasua lile bawa lote, hakuna kiraka kitakachoficha, na harusi itapita ndege ikiwa chini. Lakini nitakuwa nimemharibia mume wangu kitu anachokipenda kuliko duka, labda kuliko mimi, na atajua ni mkono wa nani. Sina pa kurudi. Wazazi wangu wote wawili wamekufa.

Ndugu zangu na mama zangu mnaosoma hapa, nashikwa na hofu pande zote. Niende kwa Mzungu, nichukue mkasi, au ninyamaze kama nilivyoamriwa? Msinijibu kwamba nimwachie Mungu, maana hilo nimeshalifanya kila swala. Mimi ndiye niliyelishona bawa lile, mshono kwa mshono, na mshono wowote utakaofumuka kule juu utakuwa wa mkono wangu. Nishaurini nifanye nini, na mnishauri upesi, kwa sababu mama ameshanunua shali.