Nusu Saa kwenye Birika la Bi Salma

Niliondoka Ruwi, hapa Muscat, siku ile kwa sababu ya msichana aliyeogopa ukuta. Nawaandikia nyinyi wa nyumbani Voi, na najua mtauliza, ukuta gani huo? Ngojeni nieleze, na nikieleza vibaya mjue kosa ni langu, si lake. Shule niliishia darasa la saba, na habari za theluji nimezijua kwa kuambiwa tu.

Msichana anaitwa Liisa. Kwao ni nchi ya baridi, ila baba yake ni injinia hapa Muscat, na mimi ndiye dereva ninayempeleka huyo baba kazini kila siku. Kazi ya Liisa ni kuteleza kwenye theluji akiwa amesimama juu ya ubao, ndani ya mfereji mkubwa uliochongwa kama bomba lililopasuliwa katikati. Anapanda ukuta wa huku, anaruka hewani, anajigeuza, anashuka, anapanda ukuta wa kule. Kwao ni mmoja wa walio bora kabisa. Hii ilikuwa Novemba ya mwaka 2005, na Februari iliyofuata kulikuwa na yale mashindano makubwa ya dunia ya michezo ya baridi, yanayokuja kila baada ya miaka minne.

Lakini mwezi wa tatu wa mwaka huo huo aliruka akiwa ameupa ukuta mgongo, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Mfupa ukapona. Miguu ndiyo haikupona, kama naruhusiwa kusema hivyo: kila akifika pale pa kugeuka na mgongo, inakataa. Kocha wake akampa siku. Alhamisi jioni unipigie simu, uniambie unaweza au huwezi. Ukiwa huwezi, nafasi anapewa mwingine.

Alikuja kwa baba yake akiwa na mwenzake wa timu, Tomi, kijana wa maneno mengi, pamoja na mbao mbili zenye magurudumu. Walisema theluji si lazima, ukuta wa saruji uliopinda unatosha kuizoeza miguu. Wakazunguka hoteli wakiomba bwawa la kuogelea lisilo na maji, wakafukuzwa kwa adabu kila mahali. Ndipo nikafungua mdomo: "Namjua bibi mmoja Qurayyat ana birika la shambani la kuhifadhi maji. Chini limepinda kama bakuli." Nikajuta papo hapo. Birika lenyewe nilikuwa nimeliona mara moja tu, siku niliyompelekea friji, na nililiangalia nikiwa nimeinama chini ya friji.

Saa mbili asubuhi, Alhamisi yenyewe, tulipita Matrah kununua fagio, maana magurudumu na mchanga havipatani. Tomi alinunua tatu na kofia moja ya Kiomani, akaivaa juu ya helmeti yake. Muuza duka alimtazama muda mrefu, kisha akaniuliza mimi kama kijana anaumwa. Nikasema hapana, nadhani.

Saa tatu tulikuwa tumeshaacha mji na kuingia milimani. Milima ya huku ni mifupa mitupu, hakuna jani. Tomi alitoa kichwa dirishani.

"Mwakio, mteremko ule! Pangefaa sana kuteleza."

"Kukiwa na nini?"

"Na theluji."

"Basi shuka usubiri."

Liisa alicheka kidogo, mara moja, halafu akarudi kukishika kifundo chake. Alikuwa akikishika tangu Ruwi. Nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo, lakini Kiingereza changu cha kutia moyo ni kifupi, kwa hiyo nikapunguza mwendo kwenye kona.

Saa nne na nusu tulifika Qurayyat, tukaacha barabara ya pwani na kukunja kuelekea mashambani. Bi Salma ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, akaja huku miaka ya sabini. Ana umri wa kuzidi sabini, mitende, malimau, na mdomo.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Hawa ndo wazungu wa kuteleza?"

"Ndio hao."

"Na fagio za nini? Fagio mie nnazo. Mmekuja kuteleza au kunifanyia kazi?"

Birika lilikuwa tupu. Asubuhi hiyo alikuwa ameyafungulia maji yote kwenye mitende. Nilishukuru Mungu kuona kweli limepinda, kuta zimepanda taratibu mpaka zikasimama, na lenyewe refu kama nyumba mbili zilizounganishwa. Bi Salma alisema babake mumewe alilijenga hivyo ili tope lisigande pembeni. Tomi alilishukia akalibusu. Bi Salma akaniuliza tena kama kijana anaumwa.

"Litumieni," akasema, "lakini mpaka Alasiri. Alasiri maji yangu yanakuja, na hayangoji mtu."

Kwa msiojua: mashamba ya huku hunywa kutoka kwenye falaj, mfereji unaoleta maji toka mlimani, na maji hayo hugawiwa kwa saa. Kila shamba lina zamu. Zamu yako ikifika unafungua kilango, birika lako linajaa. Ikipita, maji yanakwenda kwa jirani. Jirani wa Bi Salma ni Bwana Khamis, mtu wa Pemba, mwenye shamba la vitunguu na saa ya mkononi kubwa kama sahani ya kikombe. Alikuja kutazama akakaa ukingoni, miguu ikining'inia.

Adhuhuri birika lilikuwa limefagiliwa na kukauka. Tomi alianza. Alipanda, akaruka, akageuka, akashuka, akapunga mkono. Liisa akafuata, akapanda na kushuka tu, bila kuruka. Bi Salma akatoa hukumu: "Wa kiume anapaa, lakini anajisifu. Wa kike hajisifu, lakini hapai." Liisa akaniuliza bibi amesema nini. Nilifikiri kupunguza makali, kisha nikaona si haki kumwibia mtu maneno yake, nikatafsiri yote. Tomi akanuna. Liisa akasema, "Ni kweli."

Akaniomba nimhesabie. Nikahesabu. Mpaka Alasiri alijaribu mara kumi na moja. Mara kumi alipanda ukuta vizuri, na pale pa kugeuka akauruka ubao na kukimbia kwa miguu. Mara ya kumi na moja aligeuka, akashuka, akabaki juu ya ubao. Tomi akapiga kelele, "Umeweza! Umeweza!" Lakini Liisa alinitazama mimi.

"Mkono uligusa saruji," nikasema.

"Kidogo?"

"Uligusa. Huko kwenye theluji sijui kunahesabiwaje."

"Kunahesabiwa nimeanguka."

Akaketi katikati ya birika, akavua helmeti. Tomi akaniambia sina moyo. Nililifikiria hilo, na bado nalifikiria.

Saa tisa na robo adhana ya Alasiri ikaisha, na Bi Salma akanyanyuka kwenda kwenye kilango. Liisa akaniambia nimwombee nusu saa. Nusu saa tu.

"Ataweza?" Bi Salma akaniuliza.

"Sijui."

"Hujui? Umekaa hapo mchana kutwa wamtazama!"

"Kumi amekimbia, moja amegusa. Kwa hesabu hiyo, hapana. Ila ya mwisho ilikuwa bora kuliko zote."

"Mgeni wako mwenyewe humsifii hata kidogo?"

"Nikimsifia utanipa nusu saa?"

"Ungemsifia ningekufukuza. Nna wajukuu wanane, wote wananipamba." Akageuka. "Khamis! Chukua nusu saa yangu."

Bwana Khamis nusura aanguke birikani. "Tangu lini mie nikapewa maji yako?"

"Tangu leo."

"Nitawahadithia msikiti mzima! Lakini nusu saa, Bi Salma, haizidi. Vitunguu vyangu havijui kuogelea."

Maji yakageuzwa kwenda kwa Khamis. Tomi akaleta kamera yake ya video, ili Liisa ajione akishuka, akanipa niishike nikiwa ukingoni kwa sababu yeye alitaka kusimama chini, karibu na ukuta, amdake kama ataanguka. "Bonyeza hiki chekundu." Nikabonyeza. Mara nne Liisa alipanda, mara nne akakimbia. Kila mara nikabonyeza chekundu, na alipokimbia nikabonyeza tena, nisimpotezee mtu kanda yake. Bwana Khamis akaanza kuitazama saa yake kwa sauti, yaani anahema kila dakika. Nikaitazama na mimi. Zilibaki dakika mbili. Nikawa najiuliza kama saa kubwa hivyo inaweza kukosea, na hapo nikasikia watu wanapiga kelele.

Liisa alikuwa amesimama juu ya ubao upande wa pili, mikono kichwani.

"Umeona?" akanipigia ukelele. "Mkono! Uligusa?"

Jamani. Mchana kutwa macho yangu yalikuwa kwake.

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa natazama saa."

"Haukugusa!" akasema Bwana Khamis.

"Uligusa!" akasema Bi Salma. "Kidole kimoja, hiki hapa!"

Tomi alikuwa upande wa mgongo, hakuona mkono. Akaruka kuja kwenye kamera, akairudisha kanda nyuma. Kumbe hesabu yangu ya kitufe chekundu ilikuwa imepinduka toka mwanzo. Nilipodhani naizima nilikuwa naiwasha. Kwenye kanda kulikuwa na viatu vyangu vikitembea, viatu vyangu vimesimama, na sauti ya Bi Salma ikisema, "Mwambie apinde magoti."

"Nusu saa imekwisha," akasema Bwana Khamis, kwa huzuni kweli, na akaenda kufungua kilango cha birika.

Maji yaliingia birikani kama ulimi mwembamba, yakaanza kutandaa kuja upande wetu. Magurudumu kwenye saruji yenye maji hayashiki. Hata mimi nalijua hilo. Palibaki nafasi ya mara moja. Liisa alinitazama kwa namna ambayo sitaiandika, mama atasoma hii. Akaokota ubao.

"Safari hii utaangalia."

"Nitaangalia."

Tomi akanipokonya kamera. Sikupepesa macho. Alishuka, akapanda ukuta mkavu uliobaki, akaugeuzia mgongo, akazunguka juu ukingoni, na mkono wake ukapita juu ya saruji kama mtu anayepapasa paka asiyemwamini. Haukugusa. Magurudumu yakatua. Akateleza moja kwa moja hadi kwenye maji, akaketi humo kwa kishindo.

"Kapatia!" Bi Salma akapiga vigelegele. "Kapatia, na kaoga juu yake!"

Saa kumi na moja tuliondoka na kapu la malimau, Liisa akiwa amevaa kanga ya Bi Salma, Tomi akilala na kofia yake. Milimani Liisa akaniuliza, "Hasira yangu kwako ndiyo iliyonipandisha mara ya pili. Ulijua?" Nilitamani kusema ndiyo. Nikasema hapana, sikujua lolote, nilizubaa tu.

Saa moja jioni, Muscat, nyumbani kwa baba yake, Liisa akapiga simu. Wakaongea kwa lugha yao. Halafu akanipa mkono wa simu. "Kocha hamwamini Tomi. Anataka kusema na wewe."

Baba yake aliketi kwenye ngazi. Kocha akaniuliza kwa Kiingereza: mkono uligusa?

"Mara ya mwisho haukugusa," nikasema. "Goti la kushoto lilisita kidogo. Ya kabla yake sijui, sikuangalia, na hilo ni kosa langu. Moja ya mchana uligusa. Nyingine zote alikimbia."

Nikafikiri nimemharibia mtoto wa watu maisha.

"Goti gani, umesema?"

"La kushoto."

Akacheka mpaka nikauondoa mkono wa simu sikioni. "Goti hilo nalijua tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mwambie Jumatatu awe hapa."

Nilikuwa nadhani kazi ya shahidi ni kusema kweli, na kwa hiyo nikajiona naiweza. Qurayyat nimejifunza kwamba kazi ya kwanza ni kuangalia, na hiyo siiwezi kila mara. Nilipomwambia Liisa neno Jumatatu, alikiacha kifundo chake cha mkono, akakumbatia baba yake kwa mikono yote miwili.