Makofi ya Mpangaji

Mtaa mzima ulimwita Haloo, na hata mwenyewe alikwisha kulizoea jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kukodisha vipaza sauti. Iwe arusi, msiba, mkutano wa wazazi shuleni au uzinduzi wa duka, popote watu walipokusanyika na mmoja wao akataka kusikika, Haloo ndiye aliyefika mapema na mkokoteni wake, akatandaza nyaya, akainua spika juu ya nguzo, akaipuliza maiki na kusema neno lake moja. Akishalisema mara mbili tatu, zamu yake ya kusema imekwisha. Kuanzia hapo husema wengine.

Mitambo yenyewe ilikuwa mikongwe na ilikuwa na ila moja iliyowashinda mafundi wote. Maiki ikipitishwa mbele ya spika, hupiga ukelele wa kutoboa masikio. Haloo akaitafutia dawa isiyo na gharama. Kila msemaji alipomaliza, yeye aliinuka kwenda kuipokea maiki huku anapiga makofi kwa nguvu zake zote. Watu wakimpokea, ukumbi ukirindima, ule ukelele unazama humo humo na hakuna anayejua. Mazoea yana tabu. Miaka ilivyopita, mikono yake haikumwomba tena ruhusa. Msemaji akishusha tu ile sauti ya kumalizia, Haloo yu wima, viganja vinalia. Na watu wa mtaa nao wakazoea: Haloo akianza, wanafuata, iwe hotuba ya bwana arusi au tangazo la chanjo. Walimtania kwamba siku akifa, wao watazikana kimyakimya kwa kukosa kiongozi.

Aliishi kwa kupanga, katika nyumba ya vyumba sita nyuma ya shule, yeye na dada yake mkubwa. Dada ndiye aliyemlea Haloo baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mshonaji mzuri, mkali kwa wateja wasiojua wanachotaka, mpaka macho yalipoanza kumwacha mkono. Kwanza lilipotea tundu la sindano, kisha uzi, kisha mteja mwenyewe akiwa amesimama mbele yake. Siku alipokubali kwamba yamekwisha, aliiuza cherehani na kumnunulia mdogo wake spika ya kwanza. "Chuma kisichotumika kinaota kutu," alisema, na habari ya macho akaifunga hapo.

Sasa kuna jambo lazima lieleweke, maana bila hilo mengine yote yataonekana ni kelele za mtu kuhama chumba, na vyumba watu wanahama kila siku. Ndani ya nyumba ile Dada hakuwa kipofu. Alikuwa amepoteza macho humo humo, kidogo kidogo, na kadiri yalivyokwenda, viganja na nyayo zake zilishika nafasi. Aliujua ufa wa ukutani ulipo jirani na mlango wa jiko. Aliijua sakafu inapobonyea kabla ya ngazi ya uani. Alipika mwenyewe, akafua, akateka maji bombani, akamkuta mtoto wa jirani anachezea unga wake na kumfinya sikio pasipo kukosea. Mgeni akisogeza kigoda, alisemwa mpaka akirudishe. Kuna fundi wa bomba aliyekaa kwao akala na kunywa, akaondoka bila kujua kwamba mama aliyemkaribisha haoni. Lakini mtoe Dada nje ya geti, akapoteza ukuta wake, alikuwa anasimama pale pale na kutetemeka. Haloo alilijua hilo, na lilikuwa ndilo jambo pekee duniani lililomtia hofu.

Ndipo lilipokuja tangazo. Mtaa wao ulitakiwa ubadilishwe matumizi, kutoka nyumba za kawaida kuwa eneo la maghorofa na maduka. Wenye viwanja walikuwa wameanza kufuatwa na watu wenye magari safi, na baadhi yao, hasa waliohamia mbali zamani na kubaki kupokea kodi tu, walikuwa wanasubiri baraka za mkutano ili wauze. Wapangaji ndio walioujaza mtaa: waliozaa humo, waliozika humo, waliochimba mitaro kwa mikono yao mvua zilipozidi. Mkutano wa wananchi ukaitishwa katika ukumbi wa shule, na aliyeitwa kuweka vipaza sauti ni nani? Ni Haloo huyo huyo.

"Mungu si mwanadamu," Dada alisema aliposikia. "Watu watapigana vikumbo wapate maiki, wewe itakuwa mkononi mwako. Wakishamaliza, useme."

"Niseme nini, Dada? Mimi mbele za watu ulimi unakuwa mzito."

"Usiombe huruma, sitaki kuhurumiwa. Waambie tu kwamba humu ndani mimi naona. Wakinitoa, watakuwa wamenitoboa macho mara ya pili. Maneno hayo machache yanakushinda?"

"Hayanishindi."

"Basi yaseme. Halafu geuza spika moja ielekee huku, nisikie."

Akaigeuza. Ukumbi ulijaa mapema. Viti vya kuegemea viliwekwa mbele, wakaketishwa wenye hati, wengine wao hawajaukanyaga mtaa kwa miaka. Wapangaji walipewa mabenchi ya wanafunzi, magoti yakiwafika kidevuni, na waliokosa benchi walining'inia madirishani. Afisa wa mipango miji alikuwa kijana mstaarabu, mwenye sauti ya upole, na kwa upole huo huo alitangaza kwamba watakaozungumza ni wamiliki, kwa kuwa ndio wahusika.

Mwalimu mmoja mstaafu, mpangaji aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani, alinyoosha mkono hata hivyo.

"Mzee wangu, una kiwanja namba ngapi?" afisa aliuliza.

"Sina kiwanja. Nina maoni."

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akamwambia mzee wake akae, muda ukiruhusu atamfikiria. Mwalimu akakaa. Muda, kama mnavyoujua muda wa mikutano, haukuruhusu. Wenye hati walisimama mmoja baada ya mwingine wakasifu maendeleo, na kila mmoja alipomaliza, Haloo aliinuka, akapiga makofi, akaipokea maiki, akaipeleka kwa mwingine. Makofi yalikuwa hafifu. Madirishani watu walinung'unika. Yeye hakuyasikia manung'uniko. Kichwani alikuwa anayarudiarudia maneno ya Dada yasije yakamponyoka: humu ndani mimi naona, humu ndani mimi naona.

Afisa akashika maiki kwa mara ya mwisho. Akaeleza kwamba sheria inataka mkutano uridhie, kwamba hakuna atakayeonewa, kwamba mji haungoji mtu. Mama muuza mkaa, jirani wa chumba cha pili, alikuwa amekwisha vuta pumzi ili apaze sauti ya kukataa. Afisa akashusha sauti taratibu. "Basi, ndugu zangu," akasema, "ninachoomba ni baraka zenu tu, mtaa wetu usonge mbele." Akanyoosha mkono wenye maiki.

Na Haloo akainuka anapiga makofi.

Alipiga kwa nguvu kuliko siku zote, maana alikuwa na haraka ya kuipata ile maiki aseme lake. Madirishani wakaduwaa kidogo. Lakini mikono ya watu ilikuwa na mazoea yake. Wa benchi la nyuma wakafuata, wa mbele wakafuata, ukumbi ukarindima kama kawaida. Afisa akatabasamu, akaurudisha mkono wake kifuani.

"Naona mmepitisha kwa makofi," alisema. "Karani, andika hivyo. Ahsanteni sana, kikao kimefungwa."

Ndipo akampa Haloo maiki. Haloo akabaki nayo, kinywa wazi, viti vinaburutwa kila upande. "Haloo," akasema. "Haloo, jamani, haloo." Watu walidhani anajaribu mitambo. Karani akamwonyesha ishara azime.

Alifungasha nyaya vibaya siku ile, zikajikunja hovyo mkokotenini. Alipofika nyumbani, Dada alikuwa mlangoni, kiganja ukutani.

"Yale makofi ya kwanza," alisema, "ni yako."

"Ni yangu, Dada. Mikono tu. Sikukusudia."

Dada hakumtukana. Afadhali angemtukana, angejua pa kuanzia kujitetea. Alisema tu, "Haya, ingia, chakula kinapoa," akageuka, akatembea koridoni moja kwa moja bila kugusa kitu, akaenda kumpakulia.

Kesho yake Haloo alipiga moyo konde akaenda ofisini. Afisa alimpokea vizuri, akampa na kiti.

"Mheshimiwa, nimekuja kufuta makofi yangu."

"Kufuta nini?"

Haloo akaeleza yote, kuanzia ukelele wa maiki mpaka mikono isiyoomba ruhusa. Afisa alimsikiliza, na ni haki kusema kwamba hakumcheka.

"Pingamizi linapokelewa," alisema, "lakini lazima litoke kwa mmiliki. Wewe una kiwanja pale?"

"Mimi ni mpangaji."

"Basi, kaka, kisheria hutambuliki kwenye jambo hili. Nisingependa kukudanganya."

"Makofi yangu yalitambulika."

Afisa alitazama dirishani. "Makofi yalikuwa ya mkutano," alisema. "Hayana mwenyewe."

Ningekuwa mimi, ningepindua ile meza. Haloo alishukuru, akasukuma kiti mahali pake, akatoka. Ndivyo alivyolelewa.

Mtaani huko habari zilishafika na zilishaongezwa chumvi. Ikasemwa amenunuliwa. Ikasemwa kuna mitambo mipya imefichwa uvunguni mwa kitanda chake. Mama muuza mkaa, aliyekuwa akimpelekea Dada mkaa mlangoni na kukaa naye wakicheka hadi machozi, sasa alipita kimya, na siku moja akasema uani, kwa sauti ya kumfikia anayetakiwa, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyeendelea kumsalimu. "Usijiue kwa mawazo," alimwambia. "Usingepiga makofi, wangesema tumenyamaza, na kunyamaza ni kukubali. Tungepiga kelele, wangesema ni fujo za wasiohusika. Walikuja na jibu lao mfukoni." Pengine ni kweli. Lakini ukweli wa namna hiyo haumpi mtu usingizi, na Haloo hakulala. Kila alipofumba macho aliiona mikono yake.

Mwenye nyumba aliuza. Hakuja mwenyewe, alituma ujumbe, na kabla mvua hazijaanza vyumba vyote sita vilikuwa vitupu. Kila mpangaji alikwenda alikokupata. Haloo alipata chumba kimoja pembezoni mwa mji, katika jengo refu la matofali ambalo milango yake yote inafanana. Siku ya kuhama Dada alizunguka nyumba nzima peke yake, akipapasa kuta kwa viganja viwili, hata vya vyumba vya majirani walioondoka. Haloo alimsubiri nje na mkokoteni. Alipotoka hakuwa analia. Alishika ukingo wa mkokoteni, akasema twende.

Chumba kipya kilikuwa na kuta laini, hazina ufa wala kovu, na uani kulikuwa na mtaro wa wazi kati ya mlango na choo. Haloo alimfundisha. Alimshika mkono akamzungusha: hiki kitanda, hii meza, huu mlango, hapa ndoo. Dada alifuata kama mwanafunzi mtiifu, na utii huo ulimtisha mdogo wake, kwa kuwa hakuwahi kumwona nao. Mara moja alijaribu kwenda mwenyewe uani. Wapangaji wa huko walimwokota mtaroni, wakamfuta matope, wakamuuliza ni wa nani. Tangu hapo hakujaribu tena. Akawa anangoja.

Na Haloo ilimbidi atoke, maana tumbo halina likizo. Siku moja alipata kazi ya arusi upande wa pili wa mji. Asubuhi alimkalisha Dada ukingoni mwa kitanda, akamwandalia wali na maharage kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani, akaliweka mezani, akamweleza lilipo. "Nimesikia," Dada alijibu. "Nenda, usichelewe kwa watu."

Kutwa nzima arusini hakupiga makofi hata mara moja. Maiki ilipiga ukelele, wageni wakaziba masikio, bwana arusi akamwangalia kwa hasira, na Haloo akakaa na mikono yake chini ya mapaja. Alirudi jua linazama.

Alimkuta Dada ukingoni mwa kitanda, pale pale alipomwacha, mikono magotini. Sahani ilikuwa juu ya bakuli vile vile.

"Dada, hujala?"

"Sikuwa na njaa sana."

"Tangu asubuhi? Nilikuambia chakula kiko mezani."

Dada akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyeona haya, "Meza ndiyo iko wapi, mdogo wangu?"

Haloo akapiga magoti mbele yake. Akamshika mkono, akaunyoosha kidogo tu, nao ukagusa bakuli.