Kivuli cha Kubebwa

Migomba ya dada yangu ilipopatwa na mnyauko, tuliing'oa yote na kuifukia, kama tulivyoelekezwa. Hatukufikiri kwamba tulikuwa tunawaondolea kuku wake makao yao ya mchana. Hapa Bugarama kuku hufunguliwa asubuhi akajitafutie, na jua likipanda hukimbilia chini ya migomba, penye unyevu na wadudu. Kiangazi kile shamba likawa jeupe. Kuku walijibana upenuni midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili ili wapate hewa, wala hawakwenda malishoni. Aliyethubutu kutoka alinyakuliwa na mwewe. Wengine walidhoofu palepale ukutani, wakafa.

Dada ni mjane. Mimi, baada ya maisha ya kufundisha Kilatini seminarini, nilikuwa nimerudi kuishi jirani naye. Mwanawe, aliye Mwanza, alikuwa akimtaka ahamie kwake tangu migomba ilipofukiwa.

"Mama, huko umebaki unalinda nini?" aliuliza siku moja kwenye simu yangu.

"Kuku."

"Na wakiisha?"

"Wakiisha, njoo unichukue."

Alilisema hilo kama mtu aliyechoka kubishana, kisha akanirudishia simu. Nilimfahamu dada: ahadi yake haivunji, hata ile inayomuumiza. Tangu saa ile, kila kuku aliyekufa alimsogeza hatua moja karibu na Mwanza.

Ndipo nilipojenga banda la malishoni, kwa uangalifu ambao labda ulizidi haja. Kivuli hakikai chini ya paa ila wakati wa adhuhuri. Asubuhi hulala magharibi, na alasiri hulala mashariki. Miezi ile jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo upande huo nililishusha paa karibu na ardhi. Niliezeka kwa nyasi, kwa kuwa chini ya bati kuku wangeokwa, na pande nyingine nikaziacha wazi zipitishe upepo. Tena ilibidi banda lihamishwe kila siku, maana majani ya chini yake yaliungua kwa mbolea, na kuku hawaendi mbali na kivuli kufuata majani mabichi. Katika kutafuta namna ya kulibeba sikuona mfano mwingine ila ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wagonjwa hubebewa mabegani katika njia zisizopitika kwa gari. Nikafunga mipiko miwili mirefu, miti ya kubebea begani, mmoja kila upande.

Asubuhi ya kwanza dada alishika mbele, nami nyuma. Hatujafika mbali, wanaume wawili waliokuwa wakifyatua matofali bondeni walitupa vibao vyao na kupanda mbio. Huku kwetu ingobyi haipishwi. Ukikutana nayo unaingiza bega, hata kama umegombana na aliyelala ndani.

"Shikamoo mwarimu! Lete huo mti. Anaumwa nani?"

"Marahaba. Hakuna anayeumwa."

"Amekwisha kufa?" mwenzake alinong'ona, akivua kofia.

"Ni banda la kuku," dada alisema.

Walitazamana.

"Mama, huyo jogoo wako kashikwa na nini hadi abebwe? Au mke wake anakwenda kujifungua?"

"Cheka ukishatua. Utaniangushia paa."

Walicheka, lakini hawakutua. Bega likishaingia halitolewi njiani. Walilifikisha banda kwenye majani mapya, wakarudi kwenye matofali yao wakiwa bado wanacheka.

Tangu hapo mpita njia yeyote alitusaidia, na dhihaka ilikuwa ndiyo ujira wake. "Mgonjwa ameamkaje leo?" Zilikuwapo siku ambazo hakupita mtu. Siku hizo tulibeba wenyewe, tukatua katikati ya mteremko, kila mmoja akisikiliza magoti yake. Mara nyingi nilitamani kumwambia dada kwamba Mwanza pia pana vivuli. Sikumwambia. Kuku walikuwa wamejifunza kutufuata, wamejipanga nyuma ya banda kama ndugu wanaosindikiza mgonjwa, na vifo vya upenuni vilikuwa vimekoma.

Kiangazi kikielekea kwisha, tulikuwa tunashuka na banda, mimi na wale wafyatua matofali, niliposikia mtu akipiga kelele kule barabarani. Alikuwa mwana wa dada. Aliteremka mbio, viatu vyake vya mjini vikiteleza kwenye nyasi kavu.

"Mjomba! Ni mama? Mjomba, ni mama?"

Dada alijitokeza nyuma ya paa, kuku anayeatamia amembana kwapani.

"Mbona mbio hivyo? Unanitawanyia kuku."

Kijana aliinama, mikono magotini, akihema. Alipoweza kusema alisema kwamba mtu wa huku alimpigia simu akamwambia kila asubuhi ingobyi inatoka uani kwa mama yake. Hakungoja maelezo mengine.

"Nimekuja kukuchukua," alisema.

"Hawajaisha."

Aliwatazama kuku, ambao walikuwa wameanza kurudi chini ya paa tuliloliinua mabegani. Kisha akamtazama mama yake. Alikuja upande wangu, akaingiza bega chini ya mpiko, nami nikampisha.

"Taratibu hapo penye shimo," dada alimwambia.

Kesho yake asubuhi aliondoka peke yake. Hatukumsindikiza hadi barabarani. Majani yalikuwa yamekwisha chini ya banda, na dada alikuwa tayari ameshika mipiko upande wa mbele, ananingoja.